Mir si kasri peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya utalii kuhusu kasri la Mir, mlilosema liko Urusi. Liko Belarusi, wilaya ya Karelichy. Nilifika huko mara mbili nikiwa mwanafunzi Minsk.

Kosa la nchi nalisamehe. Mzee aliyezaliwa Mir mwaka 1910 alizaliwa chini ya Warusi, akawa raia wa Poland mwaka 1921, Wasovieti wakaingia 1939, Wajerumani 1941, kisha Wasovieti tena. Yote hayo bila kuhama nyumba yake.

Nisilolisamehe ni kwamba mwandishi wenu amezisifu kuta akawasahau watu. Akina Radziwiłł, ukoo wa makabaila waliolipata kasri mwaka 1568, wamepewa aya nne. Mji wenyewe, ambao ni mwendo wa dakika chache tu kutoka langoni, haukupewa hata sentensi. Kwenye uwanja wa soko utaona kanisa Katoliki na la Kiorthodoksi yakitazamana, na hatua chache kutoka hapo yalikuwapo masinagogi. Mwaka 1897 zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa Wayahudi. Yeshiva yao, chuo cha Torati kilichoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 19, ilivuta wanafunzi kutoka mbali. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, karibu chuo kizima kilikimbia, kikapitia Japani hadi Shanghai, na leo kingali hai Yerusalemu. Kuna chuo gani kingine kilichosafiri hivyo?

Waliobaki mjini hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 9 Novemba 1941 waliuawa Wayahudi wapatao 1,500. Walionusurika walifungiwa mwaka uliofuata ndani ya kasri hilohilo. Oswald Rufeisen, kijana Myahudi aliyeficha asili yake akawa mkalimani wa polisi chini ya Wajerumani, aliwapenyezea silaha na habari ya siku iliyopangwa kuwaua. Agosti 1942 watu wapatao 200 walitorokea msituni. Wengine wote wakauawa siku chache baadaye. (Rufeisen mwenyewe baadaye akawa mtawa Mkatoliki. Kisa chake peke yake kinatosha makala nzima.)

Mwandishi wenu ameisifu sana hoteli iliyomo kasrini. Atakayelala humo kwa kufuata ushauri wake ana haki ya kujua ni akina nani walilala humo kiangazi kile.

Msomaji wenu,
Morogoro