Walezi wa ndugu wenye ulemavu nasi tupokewe zamu

Ndugu Mhariri,

Hapa Makorora, Tanga, watu wakijua kuwa nyumbani una ndugu mwenye ulemavu, hawakosi kukuuliza hali yake. Pole na dua hazikatiki, nasi tunashukuru. Anayekosekana ni mtu wa kusema, "Nenda sokoni, mimi nitakaa naye mpaka alasiri."

Namlea mdogo wangu wa kiume mwenye mtindio wa ubongo. Sasa ni mtu mzima. Chakula chake sharti kipondwe, alishwe polepole akiwa ameketi wima, la sivyo anapaliwa. Usiku hugeuzwa ubavu huu na huu asitoke vidonda. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi niko peke yangu.

Alipokuwa kitengo cha elimu maalumu, shule ndiyo iliyonipumzisha, ingawa hakuna aliyeihesabu hivyo. Asubuhi nilikaanga vitumbua vya kuuza, nikafua, hata nikapata nafasi ya kwenda kupimwa presha yangu. Umri wa shule ulipokwisha, na nafasi ile ikaisha. Ndugu zetu wanakua na kuwa wazito, na msaada wa mchana unakoma wakati huo huo.

Hili si jambo la hisani. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 28 kinataka familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu zisaidiwe na serikali kwa gharama, mafunzo, ushauri nasaha na huduma ya kumpumzisha mlezi. Ndiyo, mapumziko yametajwa humo. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, yenye kamati zake hadi ngazi ya mtaa. Halmashauri nazo hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Mkopo ni mzuri, lakini biashara ataifanya nani katika nyumba ambayo mlezi hawezi kutoka uani?

Baadhi yetu tumejaribu kupokezana wenyewe kwa wenyewe. Inasaidia, ila haitoshi, na mama mwenye binti asiyeweza kusema ana haki ya kuogopa kumwacha kwa yeyote. Ndiyo maana naomba mahali panapojulikana na watu wanaojulikana: chumba kimoja katika kila kata, hata kwa siku mbili za wiki, chenye wahudumu waliochunguzwa na kufundishwa kulisha, kugeuza na kumhudumia mtu akishikwa na kifafa. Ujuzi upo hapa hapa; YDCP, shirika la vijana wenye ulemavu, limefanya kazi ya utengamao (kumsaidia mtu apate uwezo wa kujimudu) Tanga kwa miaka mingi. Jiji likae nao.

Kwa sasa, kamati za mitaa zianze na daftari: nyumba ipi ina mlezi, anamlea nani, ana msaidizi au hana. Orodha hiyo ifike kwa afisa ustawi wa jamii kabla bajeti ijayo ya Jiji haijapitishwa.

Mlezi,
Makorora, Tanga