Mwanangu, anzia Kaole

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Wadogo zako wanakusalimu sana. Barua hii utaikuta ndani ya boksi la uduvi, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ili isinuke. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu nina mengi, na simu yangu ikifika dakika ya tano inakata.

Uliponiuliza uwapeleke wapi wanafunzi wako mkija pwani kutoka huko Tabora likizo ya Desemba, nilikujibu harakaharaka, "Wapeleke baharini, wakaoge." Jibu hilo nalifuta. Kuoga wataoga. Lakini kwanza wapeleke Bagamoyo, na ukifika Bagamoyo usianzie mjini. Anzia Kaole, kwenye magofu. Nitakueleza kwa nini.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na wenzangu wa kikoba. Tulikodi kosta, tukaondoka mapema kabla foleni ya Mwenge haijaanza, tukapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Ni kilomita 70 hivi tu kutoka hapa mjini. Kilomita 70, Zuhura, na mimi nimeishi Dar es Salaam maisha yangu yote nikafika huko mara moja tu, nikiwa msichana wa shule.

Sasa hapo pana jambo ninalotaka kulisema, maana limenikaa moyoni. Ulipokuwa darasa la sita, shule yenu ilipanga safari ya Bagamoyo. Ulirudi na karatasi ya michango, ukaiweka mezani, ukakaa mbele yangu umekunja mikono. Nilikukatalia. Nilikwambia, "Kule hakuna kitu, ni mawe na minyororo." Ulilia mpaka ukalala na sare. Hela ilikuwa ngumu kweli, lakini haikuwa hela peke yake. Mimi nilipopelekwa, mwalimu wetu alituteremsha mbele ya ngome, akatuambia, "Hapa ndipo babu zenu walipofungwa na kuuzwa." Tukatazama minyororo, tukapanda gari, tukarudi. Hicho ndicho nilichojua kuhusu Bagamoyo kwa miaka yote hiyo. Nilirudi nyumbani nimeinama, na sikutaka na wewe urudi umeinama.

Safari hii tulipata muongozaji, kijana wa hapohapo Bagamoyo aliyeisomea kazi yake. Alitupokea akasema, "Mama zangu, tuanze Kaole kabla jua halijakaza, kule kivuli hakitoshi." Hakuwa na sababu nyingine ila jua.

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini ya mji. Unakuta magofu ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, nyasi zimefyekwa, kimya. Msikiti ulio mkongwe zaidi ni wa karne ya 13. Piga hesabu, mwalimu. Miaka 700 na zaidi. Mreno hajaijua bahari hii, Mjerumani hata hafikiriwi, na hapa watu wanatia udhu, wanapanga safu, wanasali. Sehemu ya kibla bado unaitambua. Mkubwa wetu katika kikoba, bibi wa miaka sabini na kitu, alivua viatu akasimama pale ameelekea upande uleule walioelekea wao. Hakusema neno. Na sisi wengine tukanyamaza. Kisha tukaenda makaburini, tukawatolea salamu wenyeji, tukawasomea Fatiha, kama tunavyofanya kwa watu wetu waliozikwa Kisutu. Ndipo nilipohisi kwamba si mawe yale. Ni watu, na ni watu wetu.

Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe. Kwenye nguzo mojawapo kuna vishimo vya duara, na kijana akaniita nisogee. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Ukingo wa kishimo ni laini, umezunguka sawasawa, kama ukibonyeza bakuli kwenye unga uliokandwa ukaliondoa. Na ndivyo ilivyokuwa: palikuwa na bakuli za kutoka Uchina, zimepachikwa kwenye chokaa ikiwa mbichi, kuwa pambo la marehemu. Vipande vya vyombo hivyo utaviona kwenye makumbusho ndogo hapohapo, vina rangi ya kijani iliyopauka, pamoja na shanga. Na jiwe lenyewe, ukiliangalia kwa karibu, limejaa vinyota vidogo kama mbegu za ufuta. Hayo ni matumbawe. Waliyachonga baharini yakiwa bado laini, yakakauka yakawa magumu, na matumbawe mengine wakayachoma kupata chokaa ya kushikizia. Nyumba ya Mungu waliitoa baharini, na ukuta umesimama mpaka leo. Sisi ukuta wetu wa uani una miaka kumi na moja na unajua hali yake.

Nilimuuliza kijana, bandari ilikuwa wapi? Akanyoosha mkono. Nikatazama, sikuona bahari. Niliona mikoko tu, kijani kizito mpaka mwisho. Akasema tope lilijaa kidogo kidogo, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kusogea, watu wakahamia Bagamoyo. Mji ulikufa kwa sababu ya matope. Nilisimama pale kwa muda nikifikiria wanawake waliokuwa wakiteremka asubuhi kwenda kuangalia jahazi gani limeingia, na mwaka mmoja wakaona maji yamerudi nyuma hatua kadhaa, na mwaka mwingine hatua kadhaa tena.

Kuna kisima pia, na mbuyu mkubwa ambao wenyeji wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri. Wenzangu waliuzunguka. Mimi miguu ilikuwa inauma.

Tukaingia mjini kama saa tano. Na hapa, mwanangu, minyororo ipo. Usiwafiche watoto. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliishia hapa, na watu waliovuliwa majina yao walivushwa kwenda Unguja. Kijana alisema jina la mji linasemwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni "bwaga moyo" la mtumwa: uache moyo wako hapa, kwani hurudi tena. Wapo wanaosema ni "bwaga moyo" la mpagazi: umefika, tua mzigo, pumzika. Alisema zote mbili, hakuchagua. Nilimpenda kwa hilo. Ila nikakumbuka kwamba mwalimu wangu alitupa moja tu.

Sasa sikiliza, maana hili linakuhusu wewe uliye Tabora. Tulisimama kwenye jengo la misafara, lile lenye ua ambako wapagazi walikuwa wakifikia. Kijana akauliza, "Mnajua wengi wao walikuwa kina nani?" Sote tukajibu, watumwa. Akatikisa kichwa. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru, wanaofanya kazi kwa ujira. Walikuwa wakishuka pwani kwa miguu miezi mitatu hivi, wanapokezana ngoma na nyimbo njiani, kisha wanapanda tena na nguo na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na zaidi. Akatutazama sisi wanawake akasema, "Ndoo ya lita ishirini, na nusu yake juu." Hapo kila mmoja wetu alishika shingo. Sisi tuliochota maji Temeke miaka ya shida tunajua ndoo moja kutoka bombani hadi nyumbani ni nini. Wao ndoo moja na nusu kutoka Unyanyembe, huko kwenu Tabora, mpaka baharini.

Hao ndio babu wa watoto unaowafundisha. Mtoto wa Tabora akifika Bagamoyo asiambiwe tu kwamba hapa waliuzwa watu. Aambiwe pia kwamba hapa babu yake alifika kwa miguu yake, akatua mzigo, akadai ujira wake. Huko kwenu njia hiyo bado iko. Ukienda Kwihara ulikoniambia mlipeleka darasa lako, ujue kwamba ni sehemu ya njia hiyohiyo.

Na ndiyo njia uliyopita mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mzungu. Kule misheni ya Wakatoliki, hapo Bagamoyo, wanaonyesha mnara ambamo alilazwa usiku mmoja, mwaka 1874. Misheni yenyewe ilianzishwa 1868, na mapadri walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Watalii wote wanapiga picha mnara. Mimi nilikuwa nafikiria walioubeba mwili huo. Alifariki Chitambo, ambako leo ni Zambia, Mei 1873. Watumishi wake, akina Susi na Chuma na wenzao, wakazika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe, hapo jirani yako, walimkuta Mwingereza Cameron akawashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Waliendelea mpaka Bagamoyo, miezi tisa jumla. Halafu alipozikwa London, Susi na Chuma hawakuwepo. Muulize mwanafunzi yeyote Livingstone ni nani, atakujibu. Muulize Susi ni nani. Jaribu kesho, kisha unipigie uniambie.

Hapo misheni kuna mbuyu uliomeza mnyororo. Wanasema mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake pale. Mti ukanenepa, ukaukumbatia mnyororo mpaka umebaki kipande kifupi kinachochungulia kwenye gome. Wanafunzi wako wataupenda.

Ngome Kongwe, boma la Wajerumani na forodha tulipita kwa haraka, maana njaa ilikuwa imetukamata. Wajerumani walifanya Bagamoyo makao yao makuu mpaka 1891, wakahamia huku Dar es Salaam kwa sababu maji ya Bagamoyo ni mafupi, meli kubwa haziwezi kusogea, na huku bandari ina kina. Reli nayo ikaanzia huku, ikafika kwenu Tabora 1912, na wapagazi hawakuhitajika tena. Kaole ilikosa maji, Bagamoyo nayo ikakosa maji. Treni mtakayopanda Desemba itawapitisha karibu na walikopita wao.

Kitu kimoja kilinishtua. Tulionyeshwa shule ya ghorofa iliyojengwa na Sewa Haji, tajiri mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Bagamoyo, aliyekuwa akiwapatia misafara bidhaa na wapagazi. Alitaka watoto wa kila rangi wasome humo. Sewa Haji! Mimi nimefanya kazi ya uuguzi Muhimbili, nimepanda ngazi za jengo la Sewahaji zamu za usiku na mchana, nimelala kwenye viti vyake, na sikuwahi kuuliza ni jina la nani. Nilifikiri ni jina la jengo tu. Kumbe hela ya mtu huyu ndiyo iliyojenga hospitali ya zamani hapa mjini, yeye mwenyewe akafariki 1897.

Mambo ya safari yenyewe. Basi za Bagamoyo zinaanzia kituo cha Makumbusho hapa Dar es Salaam, lakini kwa watoto arobaini kodi gari, utakuwa huru. Chukueni muongozaji mwenye kitambulisho, mkubaliane bei kabla ya kuanza, na mlipe vizuri akifanya vizuri. Mwambie mapema kwamba unataka Kaole kwanza. Wengine watakwambia mjini ni karibu zaidi, kataa. Wasichana wabebe mitandio kwa ajili ya makaburini, kila mtoto awe na chupa ya maji na kofia. Na uwaache wasimame. Mwalimu wangu alituharakisha. Mpe kila mmoja kaburi moja, alitazame kwa karibu, aandike anachokiona kabla hajaambiwa chochote.

Kabla hamjaondoka huko, waulize nyumbani kwao nani ana babu au bibi aliyewahi kusimuliwa safari ya pwani. Waandike. Mkifika Kaole nitaomba wanisomee.

Chini ya uduvi kuna bahasha. Usiseme hapana. Ni hela ya safari ya darasa la sita, nimeichelewesha. Mlipie mtoto ambaye mzazi wake atamkatalia.

Niambie tarehe mapema ili niongee na mwenye kosta, na uniambie ni wangapi, niloweke mbaazi. Mimi nitakuja nanyi. Nataka kukuonyesha ile nguzo mwenyewe.

Mama yako akupendaye