Alhamisi: Quimby, fundi saa wa Maine

Wapendwa, habari za jioni. Alhamisi saa 2 usiku tunamjadili Phineas Quimby, fundi saa wa Marekani aliyegeuka mponyaji wa watu, kwa hiyo someni haya msije mikono mitupu.

Alizaliwa 1802 Lebanon, New Hampshire, mtoto wa mhunzi, akakulia Belfast, jimbo la Maine. Shule hakuikalia sana. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Ujanani akaugua, ikadhaniwa ni kifua kikuu, akanyweshwa kalomeli, dawa yenye zebaki, mpaka meno yakaharibika. (Ningekuwa mimi, ningewachoka madaktari siku hiyohiyo.) Siku moja akatoka na gari la farasi. Farasi akagoma, ikabidi jamaa akimbie kando yake kupanda kilima. Kisha akamtimua mbio hadi nyumbani, akafika anajiona mzima.

Miaka ya 1830 Mfaransa Charles Poyen alipita akionyesha usingizi wa mesmeri (hali kama usingizi ambayo mtu hutiwa na mwingine), Quimby naye akaanza kuujaribu. Kijana Lucius Burkmar, akiwa kwenye usingizi huo, alitaja magonjwa ya watu na dawa zao. Quimby akaishia kuamini kwamba kinachoponya ni imani ya mgonjwa, si dawa. Akaacha usingizi, akawa anakaa na mgonjwa na kuzungumza naye tu. 1859 alifungua ofisi Portland. 1862 akaja Mary Baker Eddy, baadaye mwanzilishi wa Sayansi ya Kikristo, dhehebu linalofundisha uponyaji kwa sala. Je, alichukua mawazo ya Quimby? Hapo ndipo tutakapogombana. Mzee alifariki 1866.

Linki itatumwa saa 1 na nusu. Zimeni maikrofoni kabla ya kuingia; mara iliyopita tulisikiliza kuku wa mtu dakika 10 nzima.