Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: majibu ya maabara ya uvimbe yafike masjala

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ni kuyapa maandishi ya madaktari misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, ile inayoingia kwenye madai ya bima na takwimu za wizara yako. Nakuandikia kuhusu saratani za tishu laini, yaani za misuli, mafuta na mishipa, kwa sababu zinapotea mikononi mwetu.

Mama anakuja na uvimbe pajani. Daktari anaandika "uvimbe wa paja", nasi tunaingiza R22.4, yaani uvimbe wa mguu. Kwa siku hiyo ni sahihi, maana hakuna anayejua zaidi. Kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, kinakwenda maabara, majibu yanarudi baadaye: liposarkoma, saratani ya mafuta. Sasa msimbo ulipaswa kuwa C49.2, saratani ya tishu laini za mguu. Lakini karatasi imebaki wodini, au ndugu ameondoka nayo kwenda rufaa Dar es Salaam, na kwenye kompyuta yetu mama yule ana uvimbe tu.

Hata karatasi ikifika, pengine imeandikwa "sarkoma", jina la jumla la saratani hizi, basi. Ya wapi? Aliye masjala, madai yakimsubiri, anaweka C49.9, mahali hapakutajwa. Kumbe ilikuwa ya mfuko wa uzazi, ambayo hufuata kiungo chake, C54 au C55. Au ni ya Kaposi, yenye kundi lake C46, na ikitokana na VVU ni B21.0. Linaloniuma zaidi ni sarkoma ya mguu iliyosambaa hadi mapafuni: mtu anaandika C34, saratani iliyoanzia mapafuni, badala ya C78.0, iliyosambaa kufika huko, na mgonjwa anahesabiwa saratani ya mapafu ambayo hakuanza nayo. Dawa tutaagizaje kwa hesabu hiyo?

Mheshimiwa, toa waraka. Nakala ya kila jibu la patholojia, yaani la maabara iliyopima kinyama, ije masjala, na msimbo wa awali urekebishwe siku hiyohiyo. Daktari aandike kiungo, aina ya saratani, na kama ndipo ilipoanzia au imesambaa. Mfumo usikubali C49.9 mpaka daktari athibitishe kwamba mahali hapajulikani. Nasi watunza kumbukumbu tupewe mafunzo ya saratani. Wengi wetu tumejifunzia kazini, kwa kuulizana.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtunza kumbukumbu za afya, Kanda ya Ziwa