Uduvi hawaishi na sikilidi kibete bila maandalizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani. Wauzaji wengi humwambia mteja kwamba sikilidi kibete, aina ya samaki wadogo wa mapambo, kwa udogo wao hawadhuru uduvi. Si kweli. Samaki hawa ni jamaa wa sato na perege. Kinachoingia kinywani huliwa. Kuwaweka pamoja kunawezekana, ila kazi huanza miezi kadhaa kabla ya kununua samaki.

Chukua sikilidi kibete aitwaye Apistogramma cacatuoides wa Amerika Kusini: dume hufika sentimita 8, jike 5. Uduvi anayemfaa ni Neocaridina davidi, wale wekundu wa sentimita 2 hadi 3. Wote huridhika na maji ya pH 7 hivi (yasiyo na asidi wala alikali) na nyuzijoto 25. Uduvi wa bei kubwa wanaodai maji laini (yenye madini machache) na ya baridi wasitiwe humo kabisa.

Tangi la lita 100 likishakomaa, yaani amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu unaooza majini, zimefika sifuri, jambo linalochukua wiki 4 hadi 6, tia uduvi 30 peke yao. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu hivi, na watoto hutoka wakiwa na milimita 2 tu. Subiri miezi 3, mpaka uone wadogo kwa wakubwa wamechanganyika, ndipo ulete jozi ya samaki.

Kinga ya uduvi ni mimea. Kuvumwani ya Java, mmea mdogo wa majini unaosongamana, ijaze theluthi ya sakafu, unene wa sentimita 10, ibanane hata samaki ashindwe kupenya. Kishada kimoja kilichofungwa kwenye jiwe hakimfichi mtu.

Kwa samaki kutagia, kifuu cha nazi kilichochemshwa kinatosha. Kitoboe mlango wa sentimita 3, ukiweke pembe iliyo mbali na kuvumwani. Jike akitaga hugeuka manjano yenye mabaka meusi, wala hamvumilii hata dume wake. Mayai huanguliwa siku ya 3 au 4, na vifaranga huanza kuogelea siku ya 8 au 9. Kipindi hicho uduvi mkubwa akikatiza hapo hunyofolewa miguu. Vifaranga walishwe atemia, vijidudu vya maji ya chumvi, waliototolewa siku hiyohiyo, kidogo kidogo, mara 3 kwa siku. Uduvi wachanga wengi wataliwa vyovyote iwavyo, kwa hiyo weka akiba ya uduvi 15 katika tangi dogo la pembeni.

Lakini vipo vifo ambavyo samaki husingiziwa. Dawa za samaki zenye shaba huua uduvi. Kubadilisha nusu ya maji kwa mkupuo huwafanya wajivue gamba kabla ya wakati. Asilimia 10 hadi 15 kwa wiki yatosha. Na kubwa kuliko yote, hasa majumbani mwetu, ni dawa ya mbu ya kupulizia. Sumu yake huua uduvi kwa kiasi kidogo sana ambacho samaki hustahimili, na pampu ya hewa ya tangi huvuta hewa ya chumba na kuipeleka majini. Ukikuta samaki wanacheza na uduvi wote wamelala chali, uliza kwanza nani alipuliza dawa jana usiku. Chumba chenye tangi kitumie chandarua. Ikibidi kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa nailoni, kisha fungua madirisha hewa ibadilike kabla ya kuwasha tena.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam