Miamba ya mafuta: majivu nayo yahesabiwe

Mhariri,

Wengi wanaojadili miamba ya mafuta huichanganya na visima vinavyopasuliwa kwa maji ya shinikizo. Ni vitu viwili tofauti. Miamba hii haina mafuta bado. Ina kerojeni, mabaki magumu ya viumbe vya kale, ambayo hugeuka mafuta yakipashwa moto wa nyuzi 500 hivi za Selisiasi pasipo hewa. Moto huo hula nishati nyingi, hivyo hewa ya ukaa huanza kutoka kabla mteja hajachoma hata tone.

Linalotia hofu zaidi ni mabaki. Tani moja ya mwamba mzuri hutoa kama lita 100 tu za mafuta. Unaobaki, ukiwa umesagwa na kuchomwa, hujaza nafasi kubwa kuliko shimo ulimotoka, kwa hiyo lazima lundo lijengwe juu ya ardhi. Mvua ikipenya humo huteremka na chumvi na madini mazito. Huko Narva, Estonia, vilima vya majivu ya mitambo ya umeme inayochoma miamba hii vina maji makali ya alkali yasiyofaa kuachwa yaingie mtoni.

Basi kabla ya kibali, maji ya chini ya ardhi yapimwe, lundo litandikiwe tabaka lisilovuja, na fedha za ukarabati ziwekwe dhamana mapema. Kampuni ya Exxon ilipositisha mradi wa miamba ya mafuta wa Colony kule Colorado, Marekani, mwaka 1982, maelfu walipoteza kazi ghafla. Mwekezaji akiondoka hivyo, lundo litatunzwa na nani?

Msomaji wenu