Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kuongoza okestra

Vijana wangu,

Barua zenu nimezisoma zote, na ukiondoa salamu, karibu kila moja inauliza swali lile lile: nitasimama lini mbele ya okestra kubwa? Kisha mnanitajia Toscanini na Bernstein, makondakta (yaani viongozi wa okestra) mashuhuri waliosimama mbele ya okestra ghafla wangali vijana, kama mtu anayetoa hati ya shamba.

Haya, tuanze nao. Juni 30, 1886, mjini Rio de Janeiro, watazamaji walimzomea kondakta mpaka onyesho likakwama, na kijana wa miaka 19 aitwaye Arturo Toscanini akapanda mahali pake, akaiongoza Aida, opera (tamthilia inayoimbwa) ya Verdi, kwa kichwa, bila kutazama nota. Ni kweli tupu. Ila mnaisimulia kuanzia katikati. Kijana yule alikuwa amesafiri na kundi lile la opera kama mpiga selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, na alikuwa akisaidia pia kuwafundisha wanakwaya. Kila siku alikuwa ndani ya muziki ule, akiupiga, akiusikia ukikosewa na kurekebishwa. Wenzake ndio waliomsukuma apande, kwa sababu walijua anachokijua.

Leonard Bernstein naye, Novemba 14, 1943, aliongoza New York Philharmonic pale Carnegie Hall bila zoezi hata moja, baada ya kondakta Bruno Walter kuugua. Alikuwa na miaka 25, na tamasha lilirushwa redioni nchi nzima. Lakini yeye alikuwa kondakta msaidizi wa okestra ile, na kazi ya msaidizi ndiyo hiyo: kujiandaa kwa matamasha ambayo huenda hataitwa kamwe. Bernstein aliitwa. Wasaidizi wengi hawaitwi, na hakuna anayeandika habari zao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na nitaushikilia hata mkinuna: nendeni kwenye majumba ya opera mkaombe kazi ya kupiga piano wakati wa mazoezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika fani yetu mvungu ni kile chumba kisicho na madirisha chenye piano iliyochoka.

Opera hufanyiwa mazoezi wiki kadhaa kabla okestra haijaletwa. Muda wote huo piano ndiyo okestra. Aliyeketi pale anabeba muziki wa ala zote, na kwa kuwa vidole ni kumi tu, anaamua papo hapo kipi kipigwe na kipi kiachwe: hapa besi haiachwi, pale ni obo (ala ya kupuliza) anayempa mwimbaji sauti ya kuanzia. Teno, mwanamume wa sauti ya juu, hajafika? Mpiga piano anaimba nafasi yake huku akipiga, kwa sauti yoyote aliyojaliwa. Soprano, mwanamke wa sauti ya juu, kapotea? Anamrudishia neno bila kusimama. Na jicho halimtoki kondakta. Ukiifanya kazi hiyo kwa misimu kadhaa, utaijua opera kwa namna ambayo kusikiliza rekodi hakutakupa, kwa sababu utajua ni wapi inavunjika.

Hasa utajifunza pumzi. Mwimbaji anayeikaribia sauti ndefu huanza kujiandaa mapema. Mbavu zinapanuka, kidevu kinatulia. Ukisubiri uisikie sauti ndipo uitikie, umeshachelewa, na okestra nzima imechelewa nyuma yako. Nimewaona vijana wenye mkono mzuri sana, mkono wa kupigwa picha, wakimnyima mwimbaji hewa mstari baada ya mstari bila kujua. Jambo la pili ni lugha. Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa haviepukiki. Si lazima uvizungumze kwa ufasaha, lakini ujue kila neno lina maana gani na uzito unaangukia silabi ipi.

Kondakta Georg Solti alipita huko, miaka mingi ya kuwafundisha waimbaji kwenye opera ya Budapest, kabla hajakabidhiwa Le nozze di Figaro ya Mozart mwezi Machi 1938. Baadaye akaiongoza Chicago Symphony kuanzia 1969 hadi 1991. Antonio Pappano hakusoma chuo cha muziki. Alianza kwa kuwapigia piano wanafunzi wa baba yake, aliyekuwa mwalimu wa sauti, akaenda kupiga piano ya mazoezi New York City Opera, na kuanzia 2002 hadi 2024 alikuwa mkuu wa muziki wa Royal Opera House, London.

Wale ambao si wapiga piano watanung'unika hapa, na wana haki. Nao wana njia: wakae ndani ya okestra, wafungue macho. Henry Lewis aliingia Los Angeles Philharmonic akiwa na miaka 16, akipiga besi kubwa ya nyuzi, na mwaka 1972 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza opera pale Metropolitan, New York. Lakini hata ninyi, jifunzeni piano kiasi cha kutoaibika.

Mnaniuliza pia kwa nini nawapeleka opera na si moja kwa moja kwenye simfonia, muziki wa okestra peke yake. Kwa sababu katika opera kila kitu kinaweza kuharibika, na kinaharibika mbele ya watu. Chukueni sehemu ya pili ya La bohème ya Puccini: kwaya ya watu wazima, kwaya ya watoto, waimbaji wakuu wamekaa mezani, bendi ya askari inakuja ikipiga, na mwendo unabadilika kabla hujauzoea. Aliyeiongoza opera hiyo kwa mara ya kwanza, Turin, Februari 1, 1896, ni Toscanini yule yule, safari hii akiwa na takriban miaka kumi ya majumba ya opera mgongoni. Au Tosca, opera nyingine ya Puccini, sehemu ya pili, kwaya inapoimba nyuma ya jukwaa wakati Scarpia, mkuu wa polisi, anamhoji mfungwa wake. Sauti za kule hufika zimechelewa, kwa hiyo msaidizi aliyesimama nao, macho kwenye skrini ndogo inayokuonyesha wewe, anawaanzisha mbele kidogo ya kijiti chako cha kuongozea. Kisha Scarpia anafunga dirisha, na uimbaji unapaswa kukatika hapo hapo. Aliyewahi kuwa yule msaidizi gizani hatawahi kumkaripia msaidizi wake.

Mbele ya okestra, punguzeni maneno. Mtu wa fidla ya pili aliyekaa kiti kile miaka 30 ameipiga simfonia ya saba ya Beethoven na makondakta ambao ninyi mmewasikia kwenye santuri tu. Msimhutubie kuhusu maisha ya Beethoven. Mwambieni: hapa pole zaidi, pale fupi zaidi, msikilize obo. Kisha endeleeni. Saa ya mapumziko ikifika, imefika. Na zile hadithi za makondakta waliokuwa wakipiga kelele na kuvunja vijiti waachieni waliokwisha kufa. Siku hizi wapigaji wana sauti. Pale Berliner Philharmoniker, okestra ya Berlin, wao ndio wanaompigia kura kondakta mkuu, na wale wa Vienna, Wiener Philharmoniker, hawajawa na kondakta mkuu tangu 1933. Hawaoni haja.

Mwaka 2015 wapigaji wa Berlin walimchagua Kirill Petrenko. Kuanzia 1999 hadi 2002 huyo alikuwa Meiningen, mji mdogo wa Ujerumani ambao wengi wenu mtautafuta kwenye ramani. Mahler, mtunzi na kondakta, naye alianza mwaka 1880 Bad Hall, mji mdogo wa Austria, akiongoza operetta (opera nyepesi) za msimu wa kiangazi, akapita Ljubljana, Olomouc, Kassel, Prague, Leipzig, Budapest na Hamburg ndipo akafika kwenye opera ya Vienna mwaka 1897. Miji midogo inawapa kitu ambacho mji mkubwa hauwapi, yaani kuongoza kazi ile ile mara nyingi, pamoja na ule usiku wa kawaida ambao hakuna mwandishi wa habari aliyekuja. Mkipigiwa simu kutakiwa kuongoza kitu kikubwa wiki ijayo na hamkijui, kataeni. Simu italia tena. Na isipolia, mmeokoa jina.

Sitawaficha kwamba milango haifunguki sawa kwa wote. Dean Dixon, Mmarekani Mweusi, aliunda okestra yake mwenyewe New York akiwa bado kijana, akaongoza okestra kubwa za kwao, na bado hakupewa hata moja iwe yake. Mwaka 1949 akaenda Ulaya, na ndiko alikopata kazi ya kudumu, kwanza Göteborg, kisha okestra ya redio ya Frankfurt. Marin Alsop aliunda okestra yake, Concordia, mwaka 1984, na ilipofika 2007 ndipo mwanamke huyo akakabidhiwa Baltimore Symphony, wa kwanza kushika okestra ya ngazi ile Marekani. Msiambiwe kwamba kipaji kinatosha. Lakini angalieni wote wawili walichofanya: hawakusubiri kuitwa, walikusanya wapigaji wao wenyewe.

Tunzeni mabega na mgongo. Tristan und Isolde ya Wagner huchukua karibu saa nne za muziki. Kondakta Felix Mottl alianguka akiiongoza huko Munich mwaka 1911 na akafa siku chache baadaye, na Joseph Keilberth akafa akiiongoza mwaka 1968, mji ule ule. Sisemi ni opera iliyowaua. Nasema lala, kula, tembea.

Kuhusu mashindano, shirikini, ila mjue yanatoa nini. Seiji Ozawa alishinda yale mashindano ya makondakta ya Besançon, Ufaransa, mwaka 1959, na baada ya ushindi alirudi kuwa mwanafunzi: akajifunza kwa kondakta Karajan huko Berlin, akawa msaidizi wa Bernstein New York. Boston Symphony aliipata 1973.

Na mnapoandika kuomba kazi ya piano, tajeni opera tatu mnazoweza kuzipiga na kuziimba peke yenu mwanzo hadi mwisho. Figaro, La bohème na Carmen zinatosha kuanzia. Msiambatishe video mkipunga kijiti. Mkuu wa mazoezi hataitazama.

Mzee wenu wa chumba cha mazoezi